Kifaranga cha Jumanne

Mwanangu Habo,

Umeenda kusukwa kwa shangazi yako Odilia, na Odilia akishika kichwa cha mtu hakiachii mpaka amalize habari za Kasulu nzima, kwa hiyo nina muda. Jua bado liko juu ya migomba. Nimekaa uani kwenye kile kigoda cha mguu mbovu ambacho kila siku unanisuta kwa nini sikitengenezi, na daftari lako la shule uliloliacha nusu tupu liko gotini. Kuku wananizunguka wakidhani nimekuja na pumba.

Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za kuficha hela kwenye soksi. Hayo unayajua kunizidi. Kesho utapanda gari la Manyovu, utapita Buhigwe, utavuka mpaka, na kabla ya jioni utakuwa Mabanda, mbele ya mama yako ambaye hujamwona tangu ulipokuwa na miaka minne. Juzi ulimwambia shangazi yako, mimi nikiwa nyuma ya banda nasikia, kwamba huendi kumsalimia. "Naenda kumuuliza usoni kwa nini aliniacha uani kama furushi. Akishanijibu, narudi zangu."

Hilo neno furushi ni langu. Nilikupa mimi. Ulikuwa na miaka sita, ukarudi unalia kwa sababu watoto walikucheka huna mama, ukaniuliza yuko wapi. Nikakujibu kwamba alikushusha uani kama furushi akaenda kwao. Umelibeba neno hilo miaka yote, na kesho unataka kwenda kumtupia mtu asiyehusika nalo. Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo nimeshindwa. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Barua nitaiweka ndani ya bahasha ya cheti chako cha kuzaliwa, maana hiyo lazima utaifungua mpakani. Ukiisoma pale, utakuwa umeshafika mbali kiasi cha kutorudi kunipigia kelele. Unaona, hata katika kusema kweli bado natafuta pa kujificha.

Wewe unanijua kama mzee wa kuku anayezeeka na redio yake. Hukunijua nilipokuwa na jina. Wakati ule, ukitoka hapa mpaka Kibondo, mfuga kuku akinisikia nimetajwa alisema, ego, naam, yule hakimu. Unajua desturi yetu: mtu asiye na jogoo mzuri humpeleka tetea wake kwa mwenye jogoo, na mayai yakianguliwa mwenye jogoo anajichagulia kifaranga kimoja. Ndiyo shukrani yake. Lakini wajanja hawakosekani. Vifaranga vikitoka vizuri, mtu anaanza kuapa kwamba tetea wake alipandwa na jogoo wa mtu mwingine, si wako. Hapo ndipo nilipoitwa. Nilichuchumaa, nikageuza kifaranga kimoja kimoja, nikatazama kichwa, mgongo na chini ya bawa, kisha nikasema hiki ni cha jogoo wa fulani.

Sikuwa nabahatisha. Tetea wa mistari akipandwa na jogoo mweusi, vifaranga vya kiume vinatoka na doa jeupe utosini, na vikikua vinavaa mistari ya mama yao. Vya kike vinatoka vyeusi bila doa, na mistari haviioni maisha yao yote. Tetea hawezi kumpa binti yake mistari yake. Binti anavaa ya baba. Hayo niliyajua kwa macho tu, kwa kukaa nao. Niliweza kutenga majogoo na matetea siku ile ile ya kuanguliwa, na watu wakasema nina dawa. Niliacha waseme.

Na nilikuwa na sheria moja niliyoirudia mpaka watoto wa jirani wakaitungia wimbo wa kuruka kamba. Mweusi kwa mweusi, mweupe hatoki. Kifaranga cheupe kikionekana kwa weusi wawili, nilisema, basi kuna jogoo mweupe aliyeruka ua. Kuna mama mmoja wa Heru Juu alilia machozi mbele yangu akiapa kwamba tetea wake hakutoka bandani hata siku moja. Nilimcheka. Nikampa mwenzake ushindi, nikarudi nyumbani na jogoo wa asante mkononi.

Mama yako, Spesioza, nilimpata Mtabila, nilipokuwa napeleka mayai kambini kwa wakimbizi wa Burundi. Alikuwa mweusi, ule weusi unaong'aa, na mimi mwenyewe unaniona. Tukaoana kwa mila, bila karatasi, kwa pombe ya ndizi na wazee wawili. Ukazaliwa wewe, mweupe. Si weupe wa maradhi. Ulikuwa mweupe tu wa rangi, na nywele zenye wekundu kwa mbali. Odilia alikuinua kwenye mwanga wa mlangoni akasema, "Yoo, hakimu! Na huyu utatuambia nini?"

Alikuwa anatania, unamjua. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini pale kambini palikuwa na dereva wa lori la maji, mtu mweupe wa mbali, ambaye mama yako alikuwa akimsalimia kama alivyomsalimia kila mtu. Kuanzia siku hiyo nikawa nayahesabu meno ya yule dereva kila anapocheka.

Siku ya kukupa jina mama yako hakunisubiri nitoe langu. Alisema mbele ya wote: Habonimana. Mimi ni Muha, neno hilo halikuhitaji mkalimani kutoka kwenye Kirundi chake. Anayeona ni Mungu. Unajua kwetu jina la mtoto ni namna ya kumwambia mtu jambo bila kumtazama. Nilijua anayeambiwa ni mimi. Nikajitia hamnazo, nikamimina pombe.

Miaka minne nilikununulia nguo na sikukubeba. Naliandika hilo polepole ili nilione vizuri.

Kisha ikaja siku moja nilipokuwa naamua ugomvi wa kuku hapa hapa uani. Yule niliyemnyima ushindi akakasirika, akasema, "Unahukumu mabanda ya watu, la kwako limekushinda." Watu wakanigeukia. Wewe ulikuwa unacheza na maganda ya mihogo karibu na mlango. Nikakunyooshea kidole, nikasema kwa sauti ya kazini, "La kwangu nalijua. Huyu si wa jogoo wangu." Mama yako alikuwa ameshika beseni la mihogo. Aliliweka chini, taratibu, bila kutoa hata sauti. Jioni ile alikuchukua mkarudi kambini kwa kaka yake.

Ulikuwa ndio mwaka Mtabila inafungwa. Malori yalikuwa yanapanga foleni, watu wanarudishwa Burundi. Mama yako alikuwa bado kwenye orodha ya kambi, maana mimi sikuwahi kushughulika kumwandikisha kwangu. Alinitumia ujumbe mara mbili. Nifike ofisini mimi mwenyewe, niseme huyu ni mke wangu na huyu ni mtoto wangu, abaki. Maneno manane au tisa tu, Habo. Sikwenda. Nilisema nina tetea anayeatamia.

Na kweli nilikuwa naye. Alikuwa tetea mweusi tii, na jogoo wake mweusi niliyemtoa Kakonko. Niliwafungia wawili hao ndani ya banda la waya kwa kufuli, kusudi, nije niwaonyeshe watu vifaranga vyote vyeusi na kuziba midomo. Aliatamia mayai kumi na moja. Ufunguo nilitembea nao shingoni kama mtoto wa shule.

Mayai yalianguliwa Jumanne asubuhi. Nikahesabu vinane, vyeusi vyenye tumbo la kijivu kama kawaida yao. Kisha tetea akasogea, na chini ya bawa lake kulikuwa na cha tisa. Kilikuwa cheupe. Cheupe chenye umanjano kidogo, kama uji wa ulezi usioiva. Nilikagua waya tundu kwa tundu. Nikakagua kufuli. Nikakagua ardhi kama kuna aliyechimba. Nilimtafuta yule jogoo mweupe aliyeruka ua, na sikuona hata unyoya wake.

Sitaki useme baba hakuwa amesoma. Nilielewa pale pale nimechuchumaa. Kama weupe unaweza kukaa kimya ndani ya kuku wawili weusi na kutoka siku unayotaka wenyewe, basi mama wa Heru Juu alisema kweli, na mama yako alisema kweli, na wewe ni mwanangu. Vyote vilinijia kwa mpigo mmoja. Kutoka banda lile mpaka kambini ni chini ya saa moja kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa na upepo.

Nilikinyonga. Kilikuwa bado na joto na kimelowa shingoni. Nikakifukia nyuma ya choo, nikaweka jiwe juu, nikanawa mikono, nikaenda kula.

Umewahi kuniuliza kwa nini jiwe lile siliondoi, unajikwaa kila siku. Ndilo hilo.

Nimekuwa nikijiuliza miaka yote ni kitu gani kilinishika. Hakikuwa kitu kikubwa, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Niliona watu wakiuliza, imekuwaje, hakimu? Niliona nikirudi Heru Juu kumwomba radhi yule mama. Niliona wale watoto wakiacha wimbo wao. Nilimtoa mama yako ili nibaki na jina la hakimu wa kuku, jina ambalo leo ukilitaja sokoni watu watakuuliza ni nani huyo. Hata kulitumia sikulitumia tena. Tangu wiki ile sikuhukumu kuku wa mtu yeyote. Watu walidhani ni huzuni ya kuachwa na mke, wakanihurumia, wakaniletea chakula. Nikakila.

Ijumaa ya wiki ile mama yako alikuja. Malori yalikuwa yanaondoka siku hiyo. Alikuwa amekubeba mgongoni ingawa ulishakuwa mkubwa wa kutembea. Akakushusha, akainama kukufunga kamba ya kiatu. Hakulia, wala hakunipigia kelele, na ningeshukuru angenipigia.

"Ninakokwenda hakuna nyumba," alisema. "Sitaki alale chini ya turubai kama nilivyolala mimi. Hapa kuna shule." Kisha akaongea Kirundi, kwa sababu hayo ndiyo alitaka yaniingie: "Ni uwawe." Ni wako. Halafu tena kwa Kiswahili, "Mlee mpaka umwone."

Hakusema mpaka akue. Alisema mpaka umwone. Na mimi nilikuwa nimeshakuona, tangu Jumanne. Jiwe lilikuwa pale, hatua ishirini. Ningeweza kwenda kulifunua mbele yake. Nilichosema, Habo, ni "Haya." Neno moja, kama mtu aliyeletewa kiberiti alichokiagiza dukani.

Wala hukuwa furushi. Ulikuwa umeshika kanga yake kwa mikono miwili, na ilibidi akubandue kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayetoa miiba. Ulimwita mpaka sauti ikakauka. Nilikubeba siku hiyo kwa mara ya kwanza, na ulinipiga ngumi za uso mpaka ukalala.

Miezi michache baadaye nilimweleza marehemu bibi yako, mama yangu, kwamba mtoto amebaki mweupe vile vile. Alikuwa anapepeta mtama. Akasema, "Bibi mzaa baba yako alikuwa hivyo hivyo. Walimwita mzungu wa Heru." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akaacha kupepeta. "Kwani uliniuliza? Wewe ulikuwa unauliza kuku."

Kuna mfanyabiashara wa dagaa alikuwa akivuka mpaka. Nilimtuma amtafute, akampata sokoni Mabanda akiuza ndizi. Nilimwagiza aseme tu kwamba mtoto hajambo, yuko darasa la pili. Aliporudi alikuwa na swali moja la kunipa: "Anauliza, ameshamwona?" Mfanyabiashara hakuelewa, akadhani ni mambo ya macho yako. Nikamwambia, mwambie mtoto hajambo. Alimpelekea jibu hilo. Hakunitumia neno tena, na mimi sikutuma mtu mwingine.

Nilikwenda kukuandikishia cheti cha kuzaliwa ukiwa darasa la tatu, nikaweka jina langu kwenye nafasi ya baba. Karani aliuliza kama nina hakika na maelezo yangu. Nikasema nina hakika. Ilikuwa rahisi kama kununua chumvi, maana hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Na mwaka juzi ukarudi likizo kutoka Kibondo, una hamu ya kunifundisha. Ukatoa maharage kwenye sufuria, meusi na meupe, ukayapanga mezani. "Baba, hawa wawili weusi. Kila mmoja ameficha mweupe mmoja ndani. Wakipata watoto wanne, kwa hesabu watatu ni weusi, mmoja mweupe. Inaweza isitokee hivyo, lakini ndiyo hesabu yake." Ukaniangalia kwa yale macho ya mama yako. "Wewe na kuku wako wote, hujawahi kuona?"

"Sijawahi," nikasema.

Ukacheka. "Basi hukuangalia vizuri." Ukarudisha maharage sufuriani, ukaenda kuwasha moto. Pale nilipata nafasi ya pili, imewekwa mezani na mkono wako mwenyewe, na nikaipiga teke. Usiku ule nilisema moyoni nitakwambia ukimaliza kidato cha nne. Ukamaliza. Nikasema matokeo yakitoka. Yakatoka. Mtu mwoga hakosi kalenda.

Najua ulitegemea baba akuandikie mawaidha. Sina. Nina hofu moja tu nikuachie. Ulipokuwa na miaka kumi ulivunja chimni ya taa yangu, ukaficha vipande chini ya pumba wiki mbili nzima, na kila nilipouliza taa iko wapi ulinitazama bila kupepesa. Nilipoviona sikukuchapa. Ulidhani nimekuonea huruma. Niliogopa, Habo, kwa sababu niliutambua mkono ule. Mengine yako ni ya mama yako na ya bibi wa Heru, lakini huo ni wangu, na sijui umekaa ndani yako kiasi gani. Siku moja utashika kitu kinachokuonyesha kwamba ulikosea, na kitakuwa bado kina joto. Toka nacho barabarani hivyo hivyo. Kimbia nacho. Kichekwe, utukanwe, lakini kifike kwa mwenyewe kikiwa hai. Ukingoja hata uoshe mikono umeshachelewa, nakwambia mimi.

Siombi unisamehe. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo na nimeikata, utaona hapo juu wino umechafuka. Na sitegemei urudi. Ulisema unarudi zako akishakujibu, lakini ulisema hivyo kwa sababu ulidhani huku ndiko aliko mzazi aliyekutaka. Sasa umejua. Kila nikifikiria kesho jioni naona nikifungia kuku, nikipika ugali wa mtu mmoja, na hakuna hata wa kunisuta habari ya kigoda. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimeisha, mwanangu, na nimejimaliza mwenyewe.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na Odilia. Atakuwa amekusuka vizuri. Naomba nimalize.

Ukifika Mabanda, usimuulize kwa nini alikuacha. Mwenye swali ni yeye, na analisubiri jibu tangu uko darasa la pili. Mimi sikuwa na mdomo wa kumjibu, mjibu wewe. Mwambie, ameniona. Na akikuuliza lini, usinifichie, wala usinipunguzie hata siku moja. Mwambie ilikuwa Jumanne, na lori lake liliondoka Ijumaa.

Ni mimi niliyekuzaa, na niliyejua,

Baba yako